Helikopta ya Bei Nafuu Katika Hewa ya Kampala

Mwaka 2011 ua wa nyumba moja huko Ntinda, kitongoji cha Kampala, ulipata wageni wasio wa kawaida: wapiga picha na watangazaji wa mashirika ya habari ya nje. Nyumba ilikuwa ya mama yake Chris Nsamba, na pale uani vijana wa kujitolea wa African Space Research Program walikuwa wakiunga ndege ya watu wawili waliyoiita African Skyhawk. Baadhi ya walioiandika habari ile waliiandika kwa kejeli, maana Nsamba alizungumzia pia safari za anga za juu. Lakini aliyezitazama picha kwa makini aliona jambo lisilostahili kejeli hata kidogo: vijana wanapima, wanakata na kuunga kwa mikono, bila karakana ya kiwanda na bila vile vyombo ambavyo mhandisi wa Ulaya hudhani kila mtu anavyo.

Skyhawk ilikuwa ndege ya mabawa. Hata hivyo ukikaa na mafundi wa Afrika Mashariki wanaoota kuruka, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye helikopta, na sababu yake imo katika ardhi yenyewe. Kampala ni vilima na mabonde ya mafunjo, na haijawahi kuwa rafiki wa ndege inayotaka kukimbia chini kabla ya kupaa. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilitua juu ya maji, Port Bell, na uwanja mkubwa ulipojengwa uliwekwa Entebbe, kilomita 40 hivi kutoka mjini. Machi 2010 mlima ulipoporomoka Bududa, mashariki mwa nchi, waokoaji walifika kwa miguu na kuchimba kwa majembe, kwa sababu mitambo haikuweza kupanda. Chombo kinachotua kwenye kiwanja cha shule kingewafaa watu wale kuliko ndege yoyote ya mabawa.

Helikopta Uganda inazijua tangu zamani, ila imezijua kama mali ya dola. Katika miaka ya 1960 Kikosi cha Anga cha Polisi kilirusha Westland Scout za Uingereza. Baadaye zikaja za Kirusi, Mi-17 na Mi-24, pamoja na fundisho lililowauma wananchi. Mi-24 zilizonunuliwa kutoka Belarus kwa mamilioni ya dola zilianza kuwasili mwaka 1998, zikakutwa hazifai kuruka, na sakata hilo likaishia mbele ya tume ya Jaji Julia Sebutinde. Raia akabaki na picha moja kichwani, kwamba helikopta ni kitu cha rais, cha jeshi, au cha tajiri anayekodi kutoka Kajjansi, kiwanja kidogo cha barabara ya Entebbe.

Je, yawezekana kuunda helikopta ndogo ambayo kampuni ya kawaida au hospitali ya misheni ingeweza kuinunua na kuitunza? Swali hilo lina historia ndefu, na majibu yake mazuri yalipatikana kwa watu waliojua nini cha kuacha.

Igor Sikorsky alipoiinua VS-300 Septemba 1939 huko Connecticut, ikiwa imefungwa kamba, injini yake ilikuwa ya farasi 75. Ilikuwa na rota moja kubwa juu, na baada ya majaribio mengi mfumo wa mkia ulitulia kwenye rota moja ndogo ya wima. Umbo hilo ndilo tunaloliona hadi leo. Mnamo 8 Machi 1946 Bell 47 ikawa helikopta ya kwanza ya kiraia kupata cheti Marekani. Ilikuwa imara na mafundi waliipenda, lakini bei yake ilibaki ya makampuni na majeshi.

Waliotaka kuishusha bei walianza kwa kupunguza vyuma. Rota ikizungushwa kwa shafti, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, ndiyo maana kuna rota ya mkia, nayo hula takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yote. Ikisukumwa kwenye ncha za mapanga, tatizo hilo huondoka pamoja na giaboksi kubwa. Stanley Hiller wa Marekani akafunga vijiinjini vya jeti kwenye ncha za mapanga ya Hornet yake. Wafaransa nao wakaunda Djinn, iliyoruka Januari 1953, ikipuliza hewa iliyoshindiliwa kupitia ndani ya mapanga hadi nchani. Djinn ilifanya kazi kweli na zikaundwa zaidi ya 150. Kilichoishinda njia hiyo ni mafuta, kwa sababu chombo kilikuwa chepesi na rahisi kutengeneza lakini kilikunywa kupita kiasi. Kwa nchi inayoagiza sehemu kubwa ya petroli yake kupitia Mombasa, hesabu hiyo inaufunga mlango moja kwa moja.

Njia nyingine ilikuwa ya Mhispania Juan de la Cierva, ambaye autojiro yake iliruka Januari 1923. Rota yake haikushikwa na injini kabisa. Injini ilisukuma chombo mbele kwa rafadha ya kawaida, na upepo ukapita kwenye mapanga na kuyazungusha wenyewe. Haiwezi kusimama hewani papo hapo, lakini haina giaboksi ya rota wala rota ya mkia, na injini ikizimika mapanga yanaendelea kuzunguka na chombo kinashuka taratibu. Katika miaka ya 1950 Igor Bensen aliuza michoro ya autojiro za kiti kimoja, na maelfu ya watu wakajiundia za kwao gerejini. Nitairudia autojiro, kwa kuwa naamini ndiyo iliyodharauliwa kuliko zote kwetu.

Mtu aliyebadilisha bei ya helikopta ni Frank Robinson. Alikuwa amefanya kazi Cessna, Kaman, Bell na Hughes, na kote alipeleka wazo lile lile la helikopta ndogo ya watu wawili. Wakubwa wake hawakuliona soko. Mwaka 1973 aliacha kazi Hughes akaanzisha kampuni yake nyumbani kwake, California. R22 iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Agosti 1975, yeye mwenyewe akiwa rubani. Cheti kilikuja Machi 1979, na mteja hakukabidhiwa helikopta hata moja kabla ya hapo. Miaka mitatu na nusu kati ya kuruka na kupata cheti, mtu akichoma akiba yake! Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ya Robinson ambayo vijana wetu hawasimuliwi.

Maamuzi yake yanafaa kutazamwa kwa karibu. Kati ya injini na rota kuna mikanda ya V ya mpira, aina ile ile ambayo kila anayemiliki mashine ya kusaga unga huko Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, anaijua kwa mkono. Rubani akishawasha injini, anabonyeza swichi, na mota ndogo ya umeme inaisukuma puli ya juu hadi mikanda ikazike. Hiyo ndiyo klachi. Mikanda inameza mitetemo ya injini kabla haijafika kwenye giaboksi, na ikichakaa inabadilishwa bila kuvunja kitu. Ndani ya puli ya juu kuna klachi nyingine ya upande mmoja. Injini ikifa, rota inaachiwa izunguke yenyewe, kama autojiro, na rubani anapata nafasi ya kushusha chombo salama.

Mapanga ni mawili tu. Mawili ni mepesi kuliko matatu, kitovu chake ni rahisi, na helikopta inaingia kwenye banda jembamba. Robinson aliweka bawaba tatu kitovuni: moja katikati inayoyafanya mapanga yote mawili yapande na kushuka kama bembea, na moja kwenye kila panga ili liweze kukunjika kidogo kwenda juu linapobeba uzito. Akayafanya mapanga yawe mepesi ili kuokoa kilo, na hapa ndipo unafuu ulipodai malipo. Panga jepesi halihifadhi mwendo. Injini ikizimika, rubani wa R22 ana takriban sekunde moja ya kushusha wenzo wa mkono wa kushoto kabla mzunguko wa rota haujapungua kiasi cha kutorejea. Bawaba ya katikati nayo, iwapo rubani ataisukuma pua chini kwa ghafla na chombo kikapoteza uzito, inaweza kuufanya mzizi wa panga ugonge mlingoti na kuukata. Watu walikufa hivyo. Mwaka 1995 Marekani ikaweka kanuni maalumu ya mafunzo kwa kila anayerusha R22 na R44.

Siandiki haya kumlaumu Robinson, aliyefariki mwaka 2022 baada ya kuuzia dunia helikopta zaidi ya 13,000. Nayaandika kwa sababu kila kilo inayopunguzwa kwenye helikopta inalipwa mahali fulani, na anayeunda chombo sharti ajue inalipwa wapi, na nani anailipa.

Uamuzi wake mmoja una maana ya pekee kwa Kampala. R22 Beta ilifungwa injini ya Lycoming ya farasi 160, kisha ikakatazwa kutumia zaidi ya 124 kwa mfululizo. Kwa nini ununue nguvu usiyoitumia? Kwanza, injini isiyokamuliwa huishi muda mrefu. Pili, ni kwa ajili ya hewa.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 28, hewa ya pale ina uzito wa kilo moja na kidogo tu kwa kila mita ya ujazo, wakati ile ya kipimo cha ufukweni ina kilo 1.225. Imepungua kwa asilimia 17 hivi. Kwa helikopta ni sawa na kuwa mlimani, karibu mita 2,000. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hiyo, kwa hiyo inapoteza takriban asilimia 18 au 19 ya nguvu. Wakati huo huo mapanga yanashika hewa kidogo, kwa hiyo ili chombo kisimame hewani kinahitaji nguvu zaidi, karibu sehemu moja ya kumi zaidi kwa kazi ya kuinua uzito. Mkono mmoja unanyang'anya na mwingine unadai. Ile farasi 160 ya Lycoming ikifika Kampala inabaki 130, ambayo bado inatosheleza zile 124. Injini ndogo ya farasi 60, ya helikopta za kiti kimoja zinazouzwa Kanada na Marekani kwa mtu kujiundia, ikifika Kampala inabaki chini ya 50. Kwenye mchoro wake wa asili inaruka. Kajjansi, saa nane mchana, na rubani mwenye mwili, huenda isiinue miguu yake kutoka kwenye majani.

Hapo ndipo nadhani majaribio mengi ya Afrika yalipokwama. Mwaka 2007 huko Kano, Nigeria, Mubarak Muhammad Abdullahi, mwanafunzi wa fizikia, aliunda helikopta kwa injini ya Honda Civic ya farasi 133, viti vya Toyota, na vipande vya ndege ya Boeing 747 iliyosemekana kuanguka karibu na mji. Iliripotiwa kuinuka mara kadhaa, bila kuzidi futi saba. Kwetu pia, mafundi wa Tanzania na Kenya wameunda helikopta zao, mmoja wao ndani ya Chuo cha Ufundi Arusha. Kila mara magazeti yanaandika kwa furaha, serikali inatoa tahadhari, kisha kimya.

Injini za magari zipo tele Kampala. Zamani ungeenda soko la Kiseka ukatoka na Toyota au Subaru nzima ikiwa imebebwa na vijana wawili kwa mti. Bei inavutia. Lakini injini ya gari haikuzaliwa kwa kazi hii. Kwenye barabara ya Jinja inatumia robo ya nguvu yake, mara chache nusu. Kwenye helikopta itatakiwa kutoa robo tatu na zaidi kwa saa nzima bila kupumzika, na maji yake ya kupozea, rejeta na chuma chake kizito vyote vinakwenda juu pamoja na rubani. Inawezekana, na wapo waliofanikiwa: RotorWay ya Arizona iliuza kwa miaka mingi helikopta za kujiundia zenye injini ya kupozwa kwa maji. Ila RotorWay waliisanifu injini yao wenyewe kwa kazi hiyo. Kwa Kampala ningechagua injini ndogo ya ndege kama Rotax ya farasi 100 au ile yenye turbo ya 115, ambayo hewa nyembamba haiinyang'anyi haraka. Nayo inakubali petroli ya kituo cha kawaida, na hilo si jambo dogo, maana avgas Afrika Mashariki ni ghali na haipatikani kila mahali. Ni injini ya maelfu ya dola, kweli. Pesa nyingi zaidi zitapotea kwa kuijaribu ya bei rahisi mara tatu.

Kisha kuna mapanga. Fundi wa Katwe anayechomelea mageti yanayodumu miaka 40 anaweza kuunda fremu ya helikopta, sina shaka naye. Panga ni kitu kingine. Rota ya R22 ina upana wa mita 7.67 na inazunguka mara 510 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na kila gramu iliyopo nchani inavuta kuelekea nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo moja. Tone la rangi lenye gramu kumi, likizidi upande mmoja, linavuta kitovu kwa kilo 11, likizunguka mara nane na nusu kila sekunde. Ndiyo maana chombo kinatetemeka hadi boliti zinalegea na mtu anatoka akidhani injini ni mbovu. Mapanga ya mbao yaliwahi kuruka vizuri kwenye Bell za mwanzo, yakiwa na chuma mbele ili uzito ukae robo ya kwanza ya upana. Lakini mbao hunywa unyevu, na upande wa Ziwa Nalubaale, ambalo ramani nyingi huliita Victoria, unyevu haukosekani. Panga lililosawazishwa Januari huenda lisiwe lile lile Aprili, mvua za masika zikishapiga. Kwa hiyo ningesema mapanga yanunuliwe kwa mtengenezaji anayejulikana hadi siku Kampala itakapokuwa na mahali pa kuyapima na kuyavunja kwa makusudi.

Anayedhani haya ni ya Wamarekani peke yao amtazame Augusto Cicaré. Alizaliwa mwaka 1937 huko Polvaredas, kijiji cha wakulima wa Argentina, akaacha shule mapema kufanya kazi kwenye karakana ya familia. Mwaka 1958, akiwa na miaka 21, akaunda helikopta yake ya kwanza, CH-1. Hakuwa na digrii. Hakuishia kwenye ile ya kwanza, wala hakukubali sifa za magazeti ziwe ndiyo mwisho wa kazi. Akaunda ya pili, ya tatu na zaidi, kila moja ikisahihisha iliyotangulia. Moja ya helikopta zake ndogo ilivuka hadi Italia ikawa CH-7 Angel, ganda lake likichorwa na Marcello Gandini, yule yule aliyechora Lamborghini. Baadaye Cicaré akatengeneza kitu ambacho Kampala ingepaswa kukinakili: helikopta halisi iliyofungwa kwenye jukwaa la chini, mwanafunzi anainua, anageuza, anasimama hewani kimo kidogo, na hawezi kuanguka. Alifariki mwaka 2022, na karakana yake ya kijijini ilikuwa imeshakuwa kiwanda.

Tofauti kati ya Cicaré na kijana wa Ntinda au wa Arusha siioni kwenye akili wala kwenye mikono. Naiona kwenye miaka. Cicaré alipewa nafasi ya kukosea bila kufa na bila kufungiwa, na chombo cha pili kikapata mahali pa kuundwa. Uganda ina vipande vyote vya kazi hiyo, vikiwa vimetawanyika. Soroti kuna chuo cha usafiri wa anga tangu 1971, kinachofundisha marubani na mafundi. Makerere ilitoa gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, ule ule mwaka wa Skyhawk, na serikali ikalishika mkono hadi likazaa kampuni. Kyambogo ina wahandisi, Kajjansi ina kiwanja. Gari lilipata mlezi na ndege ikaachwa uani kwa mama.

Msimamo wangu ni huu. Anayetaka kuanza leo Kampala aanze na autojiro ya viti viwili yenye injini ya farasi 100, kwa sababu itamfundisha rota, mitetemo na msawazo bila kumdai giaboksi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya helikopta. Itahitaji kiwanja kifupi, na ardhi tambarare Uganda bado ipo, Soroti na kwingineko. Helikopta ifuate baadaye: mapanga mawili mazito kidogo kuliko ya Robinson ili rubani apewe sekunde mbili au tatu badala ya moja, mikanda ya V, rota ya mkia ya kawaida, na injini yenye akiba ya nguvu kwa ajili ya hewa yetu. Itabeba mzigo mdogo kuliko ilivyo kwenye vipeperushi vya Ulaya, na ni heri hilo likubaliwe tangu kwenye mchoro.

Naiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda iwapokee mafundi hawa mapema, kabla hawajawasha injini, badala ya kusubiri kuwakataza. Naviomba vyuo vikuu vijenge jukwaa moja la zege lenye minyororo, vyombo vya kupimia mitetemo na ukuta wa kujikinga, likae Kajjansi au Soroti, na mlango wake uwe wazi kwa fundi wa Katwe asiye na cheti. Nawe kijana mwenye fremu uani, usikae ndani yake mpaka mapanga yawe yamezunguka saa hamsini wewe ukiwa umesimama mbali, nyuma ya ukuta, na kila boliti imekaguliwa na mtu mwingine asiye wewe.